Nilivyoing'oa Windows ya kuchakachua ofisini, fundi akinicheka

Sentensi iliyonikera kuliko zote katika sakata hili ni hii: "Kwanza zima antivairasi, hiyo inalialia bure." Kila aliyewahi kupigiwa Windows ya kuchakachua ameisikia. Fundi wetu aliisema huku akitabasamu, na kusema kweli ana nusu ya hoja. Kile kiprogramu cha kuamsha leseni, yaani kinachoifanya Windows isiyolipiwa ijione imelipiwa, hupigiwa kelele na Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, hata kama hakina kirusi ndani, kwa sababu kazi yake yenyewe ni kudanganya. Lakini ukishazoea kuwa kelele zote ni za bure, siku ikija ya kweli utaizima vilevile. Mwenye nia mbaya hahitaji hata kuikwepa antivairasi yako. Umemzimia wewe mwenyewe, tena kwa kufuata maelekezo yaliyokuja ndani ya zipu yenye nywila. Na hiyo nywila ya zipu si mapambo: inawekwa ili vichunguzi visione kilichomo kabla hujakifungua.

Mashine ilikuwa ya dada wa uhasibu. Dalili ilikuwa feni. Inavuma muda wote hata akiwa amefungua jedwali moja tu, na kibodi inachemka. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendeshwa, nione nini kinakula prosesa, feni ikatulia. Nikaifunga, baada ya muda kidogo ikaanza tena. Nikafungua, kimya. Nikafunga, kelele. Nilirudia mchezo huo mpaka dada akaniuliza kama kazi zangu mimi nimezimaliza.

Mwenzetu mmoja, mtaalamu wa kujitangaza, akatoa dawa: "Si uiache Task Manager wazi muda wote?" Na msicheke, ilifanya kazi! Dada akaandaa mishahara huku dirisha la Task Manager limebanwa pembeni ya skrini, feni kimya, kila mtu ameridhika isipokuwa mimi. Programu inayojificha ukiichungulia haijaharibika. Kuna mtu ameiandika akijua kabisa kwamba itachunguliwa.

Sasa nisikilizeni, maana huu ujanja nitausimulia mpaka nistaafu. Wadudu wa aina hii wengi hukagua majina tu. Wana orodha ya programu za ukaguzi, Task Manager ikiwemo, na wakiona mojawapo imefunguliwa wanalala. Nikachukua Process Explorer, chombo cha bure cha Microsoft, nikalibadilisha jina faili lake nikaliita barua_ya_likizo.exe, nikalifungua. Feni haikushtuka, iliendelea kuvuma. Na pale juu kwenye orodha kulikuwa na kitu chenye jina la heshima, mithili ya faili halali la Windows, kinakula zaidi ya nusu ya prosesa. Ila faili halali la jina lile hukaa System32, folda ya Windows yenyewe, na hiki kilikuwa kinaendeshwa kutoka kwenye AppData, folda ya mambo ya mtumiaji. Kando yake kulikuwa na faili la mipangilio la XMRig, programu ya kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero. Yaani dada alikuwa anaandaa mishahara yetu huku mashine ikimchimbia Monero mtu tusiyemjua, kwa umeme wetu.

Fundi nilipompigia alicheka, akasema natazama sana sinema. Mwaka 2021 kampuni ya antivairasi ya Avast ilieleza kirusi ilichokiita Crackonosh, kilichosambazwa ndani ya magemu yaliyokrakiwa: kompyuta zaidi ya 222,000, na Monero za thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Nacho kilikuwa na tabia ya kuiwasha mashine katika hali salama (Safe Mode) ili kiing'oe Defender kwa raha zake. Nilimsomea. Akasema hayo ni ya wacheza magemu.

Kukiondoa ndiko kulikonitoa jasho. Nilikiua, nikafuta faili, nikawasha mashine upya, kikarudi. Nikaendesha Defender ichunguze diski yote: hakuna tishio lililopatikana. Nikarudia, jibu lilelile, kwa ile alama yake ya kijani ya kujiamini. Hapo ndipo nilipofungua orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu: C:\. Diski nzima! Umeajiri mlinzi, ukamwelekeza alinde kila kitu isipokuwa nyumba. Nikaangalia na faili la hosts, linaloiambia mashine kila jina la tovuti liende anwani ipi, nikakuta majina ya tovuti za antivairasi yote yameelekezwa 127.0.0.1, yaani mashine ikizitafuta inajitafuta yenyewe.

Kilichokuwa kinamrudisha mdudu ni kazi iliyowekwa kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuendesha programu zenyewe kwa wakati, imejificha jirani na ratiba ya kile kiamsha leseni. Pale palikuwa mahali pazuri pa kujificha. KMS ni utaratibu halali wa Microsoft wa kuamsha mashine nyingi za taasisi kubwa, na uamsho wake hudumu siku 180 tu, kisha mashine sharti iombe tena kwa seva ya taasisi. Viamsha vya magendo huigiza seva hiyo, kwa hiyo navyo hujiwekea ratiba ya kujirudia. Ukiona ratiba mbili badala ya moja, nani atashangaa?

Baada ya hapo sikutaka tena kubembelezana. Mashine iliyofikia hapo huwezi kujua umebakiza nini. Nikahamisha nyaraka, nyaraka tu, hakuna hata .exe moja, nikatengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, nikapiga upya.

Na hapa ndipo nilipotaka kumpigia fundi tena saa ile ile. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa leseni kwenye chipu ya ubao mkuu. Kisakinishi kiliusoma chenyewe, kikaweka toleo la Home bila hata kuniuliza, na mashine ilipopata intaneti ikajiamsha. Leseni halali ilikuwemo tangu siku ya kwanza! Fundi alipiga toleo la Pro la kuchakachua juu ya mashine iliyokwisha kulipiwa, akatutoza na fedha. Kabla hujamwita yeyote, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ikileta herufi na namba, hiyo ni mali yako.

Nywila zote tulibadilisha, lakini kwa kompyuta safi, si kwenye ile iliyougua. Pia toka kwenye akaunti zote kwenye vifaa vyote, maana virusi vya kuiba taarifa kama RedLine huiba vidakuzi vya kivinjari, vile vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwenye kidakuzi chako anaingia bila kuulizwa nywila wala msimbo wa simu. Tena tulibahatika kupata mchimbaji. Kwenye programu hizohizo za kuchakachua ndimo alimokuwa akisafiri STOP/Djvu, kirusi cha kudai fidia: anafunga mafaili yako yote kisha anakuachia _readme.txt inayodai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72.

Bosi aliposikia nataka tuache za kuchakachua kwenye mashine zote, alisema Microsoft haitafilisika kwa ajili yetu. Huyu ni yuleyule anayewaka akikuta mwongozo wetu wa mafunzo unazunguka WhatsApp bila kulipiwa. Nilimkumbusha, kwa adabu, maana ndiye anayelipa mshahara. Malalamiko yake ni ya zamani: mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wanaotumia BASIC yake, programu ya kuandikia programu, hawakuilipia. Mimi siwalilii matajiri. Kinachonishinda ni sisi kutoa ankara kwa kazi iliyofanywa na programu fulani, halafu tuone aliyeitengeneza ndiye wa kufanya kazi bure. Tena kuna vya bure visivyohitaji kuzima kitu. Blender, kwa mfano, programu ya michoro ya 3D, msimbo wake ulikombolewa mwaka 2002 kwa michango ya watu, euro 100,000.

Ofisi sasa inatumia LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office. Barua za zamani zilivurugika mistari mpaka nilipoweka fonti za Carlito na Caladea, ambazo vipimo vya herufi zake vinalingana na vya Calibri na Cambria. Inkscape, programu ya bure ya kuchora, ilichukua nembo zetu bila ubishi. Kilichogoma ni jedwali la mishahara lenye makro, yaani amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani yake, na nililing'ang'ania kuliko lilivyostahili. Mwishowe bosi akanunua leseni moja ya Microsoft Office kwa mashine ya dada peke yake, akaitaja kwenye kila kikao mwezi mzima. Wengine malalamiko yao ni kwamba vitufe vimehama.