Nimerudi Mtopanga, na mwisho wa mwezi haupo tena

Bei ya unga haikunishtua niliporudi Mombasa, kwa maana nilikuwa nikiiuliza kwa simu kila wiki na kuikasirikia nikiwa kule kule Doha, Qatar, nilikokuwa nikifanya kazi. Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba katika nyumba yetu, na katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Mtopanga, hakuna tena siku inayoitwa mwisho wa mwezi. Tarehe ipo kwenye kalenda na mwenye nyumba anadai kodi yake kama kawaida, lakini ile siku ya mshahara ambayo maisha yetu yote yalipigiwa hesabu ilitoweka mwaka 2020 korona ilipoingia, na watalii waliporudi haikurudi nao.

Ninyi mliokulia kati ya Kisauni na Shanzu mnaijua siku hiyo, kwa hiyo sina haja ya kuieleza kwa kirefu. Mtaa ulijaa wafanyakazi wa hoteli: wahudumu wa meza, wapishi, wafuaji, watunza bustani, walinzi wa lango. Msimu mzuri, kuanzia Desemba hadi Machi, kulikuwa na bakshishi na ada ya huduma juu ya mshahara. Mvua za Mei zikifika, baadhi yao walipewa likizo, lakini kila mmoja alijua kwamba Julai ataitwa. Katikati ya mshahara mmoja na mwingine tuliishi kwa daftari la duka. Mwenye duka hakuuliza kama una pesa. Aliandika unga pakiti mbili, sukari kilo moja, mafuta lita moja, sabuni mche mmoja, na mshahara ukiingia ulikwenda kufuta jina lako na kuanza upya. Hatukuwa matajiri, lakini shida zetu zilikuwa na ratiba, na mtu mwenye ratiba huweza kukopa, kuweka katika chama cha akiba, kumwambia mwalimu mkuu karo italetwa lini, na kulala.

Nakumbusha tarehe kwa sababu nimegundua kwamba watu hapa hawapendi tena kuzitaja. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, asitoke mtu wala asiingie; Kilifi na Kwale zikafunguliwa Juni, Mombasa Julai. Wageni wa kimataifa waliofika Kenya mwaka 2019 walizidi milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki sita. Nchi nzima, idadi ya watu wenye kazi nje ya kilimo kidogo ilishuka kutoka milioni 18.1 hadi milioni 17.4 kwa mwaka ule mmoja. Hizo ni hesabu za taifa, na katika nyumba yetu hesabu yake ilikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa ametumikia hoteli moja ya Shanzu kwa miaka kumi na minne kama mhudumu wa meza. Mwisho wa Machi alipewa barua ya likizo isiyo na malipo "hadi hali itakapotengemaa". Isomeni barua hiyo kwa makini, kwa sababu wengi wa pwani walipewa ya namna hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi anayepunguzwa kazini alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, lakini aliye likizoni hajapunguzwa, na kwa hiyo hawezi kudai malipo hayo. Alikaa hivyo, mfanyakazi asiye na kazi na asiye na kiinua mgongo, mpaka mwaka 2021 alipoitwa na kuwekewa mezani kandarasi ya miezi mitatu pamoja na karatasi ya kukubali kwamba ajira ya zamani imekwisha. Alisaini. Shule zilikuwa zimefunguliwa Januari, kalenda ya masomo ikabanwa ili kufidia muda uliopotea, na karo iliyokuwa ikidaiwa mara tatu kwa mwaka sasa ilibisha hodi mara nne. Katika hali hiyo hakuna mzazi anayemrudishia mwajiri kalamu. Kandarasi ikarudiwa mara kadhaa, kisha nayo ikakoma, na leo kaka huitwa kwa siku.

Namna anavyoitwa ndiyo inayoninyima raha kuliko yote. Ujumbe huingia kwenye simu usiku, mara nyingi baada ya saa tatu: kesho, zamu ya asubuhi. Ujumbe usipoingia, kesho hakuna kazi. Kwa hiyo wakati wa chakula cha usiku simu yake huwekwa juu ya mkeka pale sinia lilipo, kioo kikiangalia juu, na nimeona kwa macho yangu jinsi watoto wanavyokula huku wakiitazama kuliko wanavyotazama runinga. Shemeji hupiga pasi shati jeupe kila jioni bila kujali kama ujumbe umeingia, kwa kuwa umeme ukikatika baada ya ujumbe kufika, shati litakuwa na makunyanzi na msimamizi atapata sababu ya kumwita mwingine. Desemba anaweza kufanya kazi siku tano au sita kwa wiki, na Mei ikapita kwa siku mbili tatu tu. Hoteli ni ile ile, wageni wamejaa, na juzi nilipopita langoni magari ya kuwabeba yalikuwa yamepanga foleni. Anayesema utalii umerudi hasemi uongo. Mapato ya mwenye hoteli yamerudi pamoja na wageni, na hatari ya siku bila wageni imeachwa kwa mhudumu.

Serikali ya wakati ule ilijitahidi, sitaki kuwanyima haki. Kuanzia Aprili 2020 waliopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 walisamehewa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, tangu Machi, kulikuwa bure mpaka mwisho wa mwaka. Hilo la mwisho mama yangu bado analisifu. Hilo la kwanza linanichekesha hadi linanikera, kwani msamaha wa kodi ya mshahara ni faida kwa mwenye mshahara, na mtaa wetu wakati huo ulikuwa umeshaonyeshwa mlango.

Nyumba ikaokolewa na shemeji yangu na viazi karai. Alianza wakati wa kafyu kwa kuuzia majirani dirishani. Sasa baraza yetu, mahali ambapo wazee walikaa kunywa kahawa na kubishana kuhusu mpira, imekuwa jiko. Kuna karai, kuna meza yenye kitambaa cha plastiki, kuna ndoo ya ukwaju. Alasiri huchemsha viazi, huvigeuza katika unga uliotiwa rangi ya manjano, na hadi magharibi sahani za shilingi hamsini zinatoka. Ndiye mwenye pesa taslimu nyumbani, na kaka humwomba nauli asubuhi anapoitwa. Hawalizungumzi jambo hilo mbele ya watu, na mimi sikuuliza.

Mwanzoni nilifurahi, nikamsifu kwa bidii yake. Kisha nikatembea mtaani jioni na kuhesabu meza. Jirani wa kulia anauza viazi vile vile. Wa kushoto anauza kaimati na mabuyu. Aliyekuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, ambayo ilifungwa Machi 2020 na haikufunguliwa tena, anauza mboga iliyokatwa tayari. Mfuaji wa hoteli anauza maji ya madumu. Kila nyumba ina meza, na wateja wa kila meza ni watu wa meza nyingine, hivi kwamba noti ya shilingi hamsini inayotoka kwetu saa kumi kwa ajili ya mboga inaweza kurudi kwetu saa moja usiku kwa ajili ya viazi, imechakaa zaidi lakini haijaongezeka hata senti. Nililisema hili kwa mzaha barazani. Hakuna aliyecheka.

Nilikwenda dukani kununua mafuta, nikamkumbusha mwenye duka daftari lake. Ni yule yule, ila ameweka wavu wa chuma mbele. Akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, nikiandika, nitaandika mtalipa lini?" Sikuwa na jibu. Kwa kuwa hakuna anayejua pesa yake itaingia siku gani, hakuna anayekopeshwa na mtu anayemjua, na kila kitu kinanunuliwa kwa kipimo cha siku: mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, sukari robo, tokeni za stima za shilingi hamsini zinazokwisha kabla ya taarifa ya habari. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa jumla, kwa hiyo ukosefu wa mshahara una kodi yake. Mahali pa daftari pamechukuliwa na mikopo ya simu, ambayo haina aibu ya kukutana nawe msikitini wala huruma ya kukungoja. Hata bima mpya ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 imemwacha kaka katikati: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi bila kuhisi, ilhali asiye na hati ya malipo anakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba yake na kutakiwa kulipa ya mwaka kwa pamoja.

Sasa nije kwangu. Sisi tuliokuwa Doha hatukulala juu ya zulia. Tarehe 17 Machi 2020 sehemu ya eneo la viwanda walikoishi wafanyakazi wengi ilifungwa, na kampuni niliyokuwa nayo ikaanza kuchelewesha malipo. Hata hivyo sikuwahi kukosa kutuma, na ninalisema kwa kujigamba. Wakenya wote walioko nje walifanya hivyo: mwaka 2019 walituma takriban dola bilioni 2.8, na mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa, wakatuma bilioni 3.1. Kima cha chini cha Qatar kilipowekwa kuwa riali 1,000 mwezi Machi 2021, kiasi kilichokuwa kama shilingi elfu thelathini, nyumbani walijua kabla yangu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 shilingi iliponyong'onyea, riali moja ilifika kama shilingi 44. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 35, na mtaani ikasemekana nimeanza ubahili.

Mama yangu aliniuliza utarudi lini kabla sijafungua sanduku la pili. Alikuwa akinimiminia chai, na hakukusudia ubaya wowote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika miaka yote hiyo pesa yangu haikuwa msaada wa ziada kama nilivyodhani. Ndiyo iliyokuwa mwisho wa mwezi wao. Ilikuwa pesa pekee katika nyumba ile yenye tarehe. Kodi ya nyumba, karo na chama cha mama vilipangwa kuizunguka, na mimi nilipokanyaga uwanja wa ndege wa Moi nikiwa na furaha zangu, nilikuwa nimemwachisha kazi mtu wa mwisho mwenye mshahara.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kurudi, hasa mlio Ghuba, nisikilizeni. Msiulize kwa simu "hali ikoje", kwa sababu mtajibiwa alhamdulillahi. Ulizeni mwezi huu kodi imelipwa na pesa ya nani. Tajeni tarehe ya mara ya mwisho kutuma angalau mwaka mzima kabla, na muivumilie kelele itakayofuata. Wekeni chakula na kodi ya mwaka kando ya akiba ya biashara, maana biashara italiwa na nyumba kabla haijafungua mlango. Msinunue tuktuk: kila aliyepata fedha kidogo ya kuachishwa kazi alinunua tuktuk, na sasa stendi ya Bamburi ina madereva wengi kuliko abiria. Msifungue meza ya viazi pia, tafadhali. Runinga kubwa niliyoleta imefungwa ukutani, watoto wameifurahia, na tokeni za shilingi hamsini haziitoshi.

Kaka amenishauri nipeleke jina hotelini kwao kwa kuwa Desemba wataongeza watu. Nilikwenda na vyeti vyangu vya usimamizi wa stoo, vyote vina mihuri. Msimamizi hakuvifungua, aliuliza tu kama ninaishi karibu kiasi cha kufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nikiitwa usiku. Nimemwachia namba, na nimemtajia kiasi ninachotaka kwa mwezi. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, mwezi gani.