Kwaya yetu ya Mtwara ndani ya kinanda

Sauti ya Mellotron niliipenda kabla sijajua inatokaje. Ni kinanda cha Uingereza kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, kwa kufuata ubunifu wa Mmarekani Harry Chamberlin. Kila kitufe kina utepe wake wa sumaku, wenye noti moja iliyopigwa au kuimbwa na mtu kweli. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye hedi, kichwa kinachosoma sauti. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Ukishikilia zaidi ya sekunde nane hivi, unaisha. Kimya.

Kukipata Mtwara ni ndoto, na chumvi ya upepo wa Shangani ingekimaliza mapema. Kinanda changu cha kidijitali kina kwaya pia, ila haikuniingia. Waliorekodi walichukua noti chache, programu ikainyoosha kila moja ifunike vitufe vya jirani, kisha ikazungusha kipande cha katikati isiishe kamwe. Ukipanda juu kidogo, mwimbaji anageuka katuni. Na mtu asiyevuta pumzi mimi simwamini.

Basi nikaazima utaratibu wa utepe, mashine nikaiacha. Niliwaomba wanakwaya wa kanisani kwetu waimbe "aa" noti kwa noti, vitufe 35 kama vya Mellotron M400: akina baba chini, akina mama juu. Tulirekodi usiku bodaboda zikishapungua, feni imezimwa, jasho linatiririka.

"Mwanangu, pumzi hii unaitaka mpaka lini?" akauliza mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"Sekunde nane tu, mama."

"Za saa yako au za saa ya kanisa?"

Kicheko kikaingia mkiani mwa noti ile. Nimekiacha humo humo.

Zote nikazipitisha kwenye deki ya kaseti kuukuu kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta. Mota yake inayumba kidogo, sauti inapanda na kushuka kwa unywele, na utepe unalainisha pale wanapoimba kwa nguvu. Kwenye programu kila noti ikapata kitufe chake, lupu, yaani ule mzunguko wa kipande cha katikati, nikazizima. Hapo dijitali naishukuru: hakuna utepe wa kukwama, na kwaya nzima inaingia kwenye flashi.

Sasa maprodyuza wa mjini wananiomba faili hizo. Nawapa, wakishachangia mfuko wa kwaya. Mmoja amelalamika kwamba sauti inakatika akiwa bado ameshikilia akodi. Nimemwambia ainue vidole.