Timazi kwenye chuma

Jumamosi moja ya Agosti 2017, kwenye saa kumi na moja jioni, nilianguka nikiwa na chuma mabegani, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba moja mtaa wa Chang'ombe, Dodoma. Nilikaa chini kwa makalio, chuma kikateleza mgongoni na kutua nyuma yangu, vumbi likatimka. Sikuumia. Rafiki yangu kinyozi, aliyekuwa akisubiri zamu, alinishika kwapa akaninyanyua bila kusema neno.

Vyuma vyetu vilikuwa vya kujitengenezea: bomba la maji la mita mbili na makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Kopo moja lina uzito wa karibu kilo 10. Siku ile nilikuwa nimebeba manne. Ulikuwa mzigo ambao miguu yangu ingeweza kuuinua bila shida, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza moyo. Nguvu nilikuwa nazo, lakini kila nikichuchumaa nilivutwa nyuma kama mtu aliyeshikwa shati.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipia miezi mitatu kwenye jimu moja ya mjini. Mwalimu wa pale alinipa amri mbili: ugoko usimame wima, goti lisitangulie mbele, na mgongo usimame wima, kifua juu. Nikiinama kidogo tu alipiga makofi: "Wima! Wima!" Kinyozi tulianza naye siku moja, na yeye alishuka na kupanda kama lifti. Mwalimu alikuwa akimsimamisha mbele yangu ili nimwangalie. Nilimwangalia kwa miezi mitatu. Nikaamini mwili wangu una kasoro fulani, labda nyonga, labda uti wa mgongo, na jimu nikaiacha. Pale Chang'ombe nilikuja kwa sababu ni bure na hapana mtu wa kunipigia makofi, ila amri zile nilikuwa nimezibeba kichwani.

Baba mdogo aliniona nikianguka. Yeye ni fundi ujenzi, na mwaka ule kazi zilikuwa nyingi, maana serikali ilishatangaza kuhamia Dodoma na kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga. Siku ile alikuwa anapiga lipu ukuta wa jirani. Alikuja na mfuko wake wa vifaa begani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nani kakusukuma?"

"Hakuna. Nilikuwa nachuchumaa."

"Hebu chuchumaa tena. Chuma kiache."

Nikachuchumaa kama ninavyochuchumaa nikiota moto shambani kwa bibi: magoti mbele, kifua kimeelekea mapajani. Nikakaa pale chini bila taabu yoyote. Akanizunguka mara moja.

"Sasa fanya walivyokufundisha."

Nikasimamisha ugoko, nikasimamisha mgongo, nikashuka. Kabla sijafika nusu nilirudi kinyumenyume hatua mbili. Baba mdogo hakucheka. Alifungua mfuko akatoa timazi.

Nimeiona timazi ile tangu utotoni, kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, lakini sikuwahi kufikiri ingenihusu. Aliniwekea bomba tupu mabegani, akafunga uzi kwenye ncha ya bomba, timazi ikaning'inia kando ya mguu wangu. Kisha kwa ncha ya mwiko akachora mstari ardhini, ukipita sawa na katikati ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapofungwa.

"Huu ndio msingi wako. Uzito ukitoka nje ya msingi, hata ukuta mpya unalala. Shuka."

Nikashuka kwa amri za mwalimu. "Imekwenda kisiginoni," akasema. "Imetoka." Nikayumba. Akaniambia nishuke vile nilivyoshuka bila chuma. Magoti yakaenda mbele, kifua kikainama, nikasikia nyonga zimekaa mahali pake. Timazi ilisimama juu ya mstari mpaka chini, na ikapanda nao.

Hapo ndipo alipotoa futi. Alinipima kutoka nyonga mpaka goti: sentimita 48. Kutoka nyonga mpaka bomba lilipokaa mabegani: 44. Akamwita kinyozi, ambaye tukisimama ninamzidi vidole vichache tu. Paja lake 41, kiwiliwili 49. Nilizisikia namba zile nikanyamaza. Miezi mitatu nilikuwa nikilazimishwa kufanana na mtu ambaye mifupa yake imepangwa kinyume cha yangu.

Usiku ule nilizirudia hesabu za pembetatu za sekondari, na ninaziandika hapa kwa sababu najua wako wengine wanaopigiwa makofi. Paja likiwa limelala sambamba na ardhi, na goti langu limetangulia katikati ya unyayo kwa sentimita 15, nyonga yangu inabaki sentimita 33 nyuma ya ule mstari. Mgongo wa sentimita 44 una kazi ya kulirudisha bomba mbele sentimita zote hizo 33, na hauna njia ila kuinama karibu digrii 49 kutoka wima. Kinyozi nyonga yake inabaki nyuma sentimita 26, na mgongo wake mrefu unamaliza kazi kwa digrii 32 hivi. Yeye anaonekana wima, mimi nimeinama, na chuma kipo palepale kwetu sote. Nikikataza goti lisitangulie, ugoko ukasimama wima kabisa, goti linabaki juu ya kifundo, nyuma kidogo ya ule mstari, na nyonga yangu inakwenda zaidi ya sentimita 50 nyuma. Mgongo wa 44 haufiki huko hata nikilalia mapaja. Amri zile mbili, kwa mwili wangu, hazikuwezekana kwa pamoja.

Ila baba mdogo hakuishia hapo. Jua lilikuwa limeshuka, na kivuli changu kilikuwa kimelala kwenye ukuta aliokuwa akiupiga lipu, kwa ubavu, wazi kama picha. Akaniambia nipanue miguu kidogo, vidole vitazame nje, na magoti yafuate vidole. "Angalia paja lako ukutani." Paja la kivulini lilikuwa limefupika. Mfupa ulikuwa na urefu uleule, lakini sehemu yake sasa ilikwenda pembeni, si nyuma tu, kwa hiyo nyonga haikulazimika kurudi mbali kama mwanzo. Mgongo wa kivuli ukainuka wenyewe. Nilirudia mara nne, tano, miguu karibu, miguu mbali, nikiangalia ukuta. Sijawahi kufundishwa kitu nikakielewa kwa macho namna ile.

Kisha akaniwekea kipande cha ubao chini ya visigino, unene wa sentimita mbili hivi, kwa kuwa vifundo vyangu ni vigumu na ugoko ulikuwa unagoma kuinama mbele. Viatu vya wanyanyua vyuma wa Olimpiki vina kisigino kilichoinuliwa kwa sababu hiyohiyo, ingawa yeye hilo hakulijua. Alikuwa anafikiri juu ya ngazi inayoegemezwa mahali penye mteremko.

Jambo moja alinikazia kwa sauti kali. Alichukua ubao wake mrefu wa kunyooshea lipu akaulaza mgongoni kwangu, kuanzia mabegani hadi juu ya makalio. "Kuinama sikukatazi. Kupinda ndiyo nakukataza. Ubao na mgongo visiachane." Tulishuka taratibu mpaka pale kiuno kilipoanza kujikunja chini ya ubao, akasema basi, hapo ndipo kina chako kwa leo.

Tukarudisha makopo manne. Kinyozi akasimama nyuma yangu, baba mdogo akachutama kando ya mguu wangu, jicho kwenye timazi.

"Ipo," alisema mara ya kwanza.

"Ipo."

"Imekwenda vidoleni, irudishe."

"Ipo."

Mara ya tano hakusema kitu, alitikisa kichwa tu kukubali, nami nikakitua chuma kwenye matofali. Miguu ilikuwa inatetemeka, na koo lilinikaba kwa furaha. Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa tayari amemgeukia kinyozi na kumwambia avue ndala. Akaufuta mstari wangu kwa mguu, akapima unyayo wa kinyozi kwa futi, akachora mwingine.