Kiti cha mbele

Jumanne usiku, Mbeya

Mama mdogo ameondoka leo asubuhi kurudi Igurusi. Kwenye kamba ya nguo uani bado inaning'inia soksi yake moja ndefu ya nailoni, ya mguu wa kulia. Ya kushoto ilibaki zahanati, vipande vipande, kwenye kibeseni cha muuguzi.

Nimekuwa nikitaka kuandika tangu Jumapili, lakini kila nikishika kalamu nasikia hasira, na sijui hasa namkasirikia nani.

Jumamosi tulikuwa na sendofu ya binti wa kaka yetu, ukumbini kule Soweto, mtaa wa hapa Mbeya. Mdogo wangu alijitolea kwenda kumchukua mama mdogo Igurusi kwa gari lake. Tulimshangilia, maana mama mdogo tangu mama yetu afariki ndiye mama, na kumpandisha basi lililojaa siku ya shughuli isingekuwa vizuri. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko Mafiati, na kazi yake kubwa ni ekzosi: kuziba zilizotoboka, kubadilisha mafla, na siku hizi kuwahudumia vijana wanaoleta magari wakitaka yangurume. Gari lake mwenyewe ni dogo la Kijapani, kalishusha mpaka linakaribia kulamba lami, na mwaka huu kalifanyia kitu alichokuwa anakiota tangu yuko kidato cha pili. Bomba la moshi halipiti tena chini ya gari mpaka nyuma. Amelikata, akalitoa ubavuni upande wa kushoto, likapita kwa nje chini ya mlango kama mkongojo uliolazwa, na mdomo wake unaishia kabla ya tairi la nyuma. Kalisugua mpaka linang'aa. Sitasema uongo, siku ya kwanza nililipenda.

Wazo lenyewe alilitoa kwenye picha za magari ya mbio ya zamani. Ana picha ya Cobra ya 1965 kwenye simu, ile bodi ya Kiingereza iliyotiwa injini kubwa ya Ford ya Marekani, na mabomba yake mawili yamelala ubavuni huku na huku. Ananionyesha picha hiyo kila mwaka kama vile sijawahi kuiona.

Basi, walifika ukumbini saa kumi na moja jioni. Nilikuwa mlangoni napokea wageni. Mama mdogo alikaa mbele, kiti cha kushoto, kwa sababu mtu mzima humkalishi nyuma. Gari lilisimama, akafungua mlango, akatoa mguu, akasimama, akanyoosha kitenge, nikamwamkia, akaniitikia huku akicheka. Niliona akikunja uso kidogo. Nikadhani ni magoti, safari na baridi. Usiku ule alicheza. Alipokea khanga, alitoa nasaha kwa binti mpaka watu wakalia, alikula, alirudi kucheza.

Saa saba usiku, nyumbani kwangu mtaa wa Forest, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu niangalizie huku nyuma ya mguu, naona kama soksi imenata."

Ilikuwa imenata kweli. Kwenye shavu la mguu wa kushoto kulikuwa na mstari mpana kama vidole vitatu, urefu wa kiganja, na nailoni imeyeyuka ndani ya ngozi. Pembeni lengelenge limejaa maji. Nilimuuliza tangu saa ngapi. "Tangu pale nilipokuwa nashuka." Saa nane zilizopita! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Kijana alikuwa na furaha na gari lake. Ningesema mbele za watu, angejisikiaje?"

Mimi ninalo kovu la ekzosi. Liko mguu wa kulia, mahali pale pale, na nililipata Iringa mwaka 2011 nilipokuwa nasoma. Bodaboda ilinishusha Kihesa, mvua imenyesha, upande wa kushoto kuna mtaro umefurika, nikaona nishukie kulia pakavu. Ekzosi ya pikipiki zetu nyingi iko kulia, mnyororo uko kushoto, ndiyo maana abiria anapandia kushoto na kushukia kushoto. Kila mtu anajua. Na mimi nilijua. Siku hiyo nilichoangalia ni viatu.

Mama mwenye nyumba wangu, Mungu amrehemu, alinipaka dawa ya meno kwanza, halafu jirani akaleta manyoya ya sungura. Nilikaa na manyoya yale siku nne. Kidonda kikatunga usaha, na nikachechemea zaidi ya mwezi. Leo najua kilichotakiwa ni maji tu: maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida lakini si barafu, kwa dakika 20 nzima, na mapema iwezekanavyo. Hata kama umechelewa, ndani ya saa tatu yanasaidia. Dakika 20 ni ndefu sana ukiwa umesimama bombani na watu wanakuharakisha, lakini moto huwa unaendelea kupika nyama ya ndani hata baada ya ngozi kuondoka kwenye chuma, na maji ndiyo yanayouzima. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga, vyote hivyo vinafunika tu joto na uchafu ndani.

Hicho ndicho kinachoniuma. Ukumbini Soweto kulikuwa na bomba la maji, hatua kumi kutoka gari liliposimama. Mimi ninayejua habari hizi nilikuwa mlangoni. Saa nane zilipita tukicheza.

Jumapili asubuhi zahanati, muuguzi alilowesha ile nailoni polepole, akaibandua ilipokubali na kuiacha ilipokataa, akakatiza pembeni kwa mkasi. Aliniambia nimefanya vizuri kutoivuta usiku. (Sikuivuta kwa woga, si kwa ujuzi.) Akaniuliza kuhusu sindano ya pepopunda, akasema lengelenge tusilitumbue, akafunga bandeji. Akasema pia kwamba kama mama angevaa kitenge peke yake, pamba juu ya ngozi, huenda jeraha lingekuwa dogo, kwa sababu pamba haiyeyuki. Nailoni inayeyuka na kubaki na joto lake. Nikawaza juu ya baridi ya Julai na jinsi sisi wa nyanda hizi tunavyojivisha: soksi za nailoni, taitsi, traksuti, juu yake kitenge. Tunajikinga na baridi kwa vitu vile vile ambavyo moto unavipenda.

Na baridi inadanganya kwa njia nyingine. Mama mdogo anasema miguu ilikuwa imekufa ganzi, amekaa muda mrefu, hakusikia kitu mara moja. Alisikia wakati ameshasimama, mguu umeegemea.

Kuegemea kidogo tu kunatosha. Kitu chenye nyuzi joto 60 kinahitaji kama sekunde tano kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya. Kikifika 70, sekunde moja. Chai inayotokota hapa mjini haifiki hata nyuzi 95, kwa sababu tumekaa juu, kwenye meta kama 1,700. Bomba la moshi la gari lililotoka kupanda mlima linapita hiyo mara kadhaa. Na hawa walikuwa wametoka kuupanda Mlima Nyoka, pale kabla ya Uyole, ambapo malori yanatambaa na wewe nyuma yake uko gia ya pili unakanyaga mafuta. Injini ikibeba mzigo ndipo moshi unatoka wa moto zaidi, na kwenye gari la kawaida joto lile lina safari ndefu chini ya sakafu kabla ya kutoka nyuma. Kwenye gari la mdogo wangu linatoka mapema, kimo cha shavu la mguu, upande wa abiria.

Tena halionekani. Chuma hakianzi kuwa chekundu mpaka kifike nyuzi 500 hivi. Kikiwa na 300 kinang'aa vizuri kabisa, sawasawa na kilivyokuwa asubuhi kimelala nje na umande juu yake. Jiko la mkaa lina uungwana, linakuonyesha sura yake.

Jumapili mchana mdogo wangu alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, nimepanga na maneno. Aliingia chumbani, akatoka, akakaa kwenye ngazi za uani, hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Dada, mimi mwenyewe limeshaniunguza mara tatu."

Mara tatu! Akakunja suruali akanionyesha.

"Na hukumwambia mama?"

"Nilisahau. Mimi nashukia kulia, kule hakuna bomba. Yale matatu nilipata nikiwa naliosha."

Nikaona maneno niliyopanga hayana kazi. Mwenye gari anashuka upande usio na moto, kwa hiyo anasahau. Mgeni anashuka upande wenye moto, na ni mgeni, hajui. Halafu akiungua, heshima inamziba mdomo. Na kiti chenyewe ni kile tunachompa mtu tunayemheshimu kuliko wote.

Baadaye tukawa tunatafuta pamoja kwenye simu, yeye akiwa amepoa, mimi nimepoa. Kumbe hata wenye magari yale ya picha yanawapata. Wenye Cobra wana jina lao kabisa kwa kovu la shavu la mguu, wanasema umeumwa na nyoka, kwa kuwa cobra ni nyoka. Mama mdogo alipoelezwa akasema, "Basi mimi nimeumwa na nyoka wa Uyole." Alicheka mpaka mto ukaanguka. Dodge Viper, gari la Marekani lenye jina la nyoka mwingine, lilipotoka mwaka 1992 mabomba yake yalipita chini ya vizingiti vya milango, na kwenye kizingiti kulibandikwa onyo. Kufika 1996 mabomba yakahamishiwa nyuma. Na Corvette ya 1965, gari jingine la Marekani, iliyouzwa na mabomba ya ubavuni kwa aliyeyataka, ilivalishwa kava la chuma juu ya bomba. Hapo mdogo wangu alinyamaza akakuza picha kwa vidole viwili. Nilimwona anapima.

Jumatatu alishinda karakana. Amekata bati lenye matundu, akalikunja kama mgongo wa kobe, akalifunga juu ya bomba kwa vishikizo vinavyoliacha na nafasi ya kidole kati ya bati na bomba. Anasema nafasi ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu hewa haipitishi joto upesi kama chuma kinavyopitisha, na matundu yanaacha hewa ipite. Bati likigusa bomba umefanya kazi bure, bati nalo litakuwa ekzosi. Ndani kalizungushia bomba ule utepe wa nyuzi za kioo unaozuia moto. Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo mwanzo. "Halingeonekana, dada."

Pikipiki nazo huja na kava kama hilo kutoka dukani. Nimepita leo kijiweni pale Kabwe nikazihesabu kwa macho, nyingi halipo. Linalegea, linapiga kelele, linang'olewa, halirudishwi. Kijana mmoja aliponiona nainamainama akauliza, "Mama, umedondosha nini?" Nikamwambia natafuta kava. Akacheka.

Sijui kama bati lile linatosha. Nililigusa kwa mgongo wa mkono jana jioni, amerudi kutoka kuzunguka mjini, lilikuwa la moto wa kuvumilika, unaweza kuhesabu mpaka tatu ukatoa mkono. Mlima Nyoka bado hajaupanda nalo. Watoto wangu nimewapiga marufuku kusimama upande ule, maana kwa mtoto wa miaka minne bomba lile liko karibu na paja, na kwa anayetambaa liko usoni, na asubuhi za baridi namna hii mtoto anavutwa na chochote chenye joto kama paka.

Leo asubuhi mdogo wangu alikuja kumpeleka mama mdogo stendi. Sikufikiri angekubali kupanda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa unyasi ni gari zima. Alilizunguka, akaliangalia bati, akaligusa kwa ncha ya mkongojo wake, tukasikia mlio wa chuma, ko ko. Akaenda upande wa kulia akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, nyuma ya dereva. Mdogo wangu akamkimbilia.

"Mama, kule kushoto kuna moto. Ukiwa unashuka, hata ukishukia huku, usizungukie kule. Nisubiri nije."

"Huku nako kuna bomba?"

"Huku hakuna, mama."

"Haya."

Akashika kitenge kwa mkono mmoja, akakipandisha mpaka magotini, akanyanyua ule mguu wenye bandeji juu sana, kama wanavyovuka mifereji ya mpunga kule kwao, akauweka ndani ya gari.