Imunoglobulini ukiwa Dodoma: baridi ya kichupa na kasi ya dripu

Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili za kutosha huishi kwa kingamwili za watu wengine. Imunoglobulini ni hizo: zimechujwa kutoka utegili (plazima, majimaji ya damu) wa maelfu ya wachangiaji damu. Haiponyi. Inampa kinga ya kuazima, na kinga hiyo hupungua kwa nusu katika wiki 3 hivi, ndiyo maana dripu hurudiwa kila wiki 3 au 4. Na jamani, upungufu huu wa kuzaliwa si UKIMWI na hauambukizi. Waambieni walimu na majirani mapema.

Dawa ni ghali na inaweza kuharibika kabla haijafika mshipani. Kichupa kinataka nyuzijoto 2 hadi 8. Baadhi ya aina huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, mradi joto lisizidi 25, lakini Dodoma mwezi wa Oktoba na Novemba chumba chenye paa la bati hupita hapo kabla ya adhuhuri. Joto kila mtu analiogopa. Wengi husahau kwamba barafu nayo inaua: dawa iliyoganda hata mara moja ni ya kutupa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kwa hiyo ukiitoa Dar es Salaam kwa treni au basi, usiilaze juu ya barafu iliyotoka friza sasa hivi. Viache vipakiti vya barafu mezani mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Vipange pembeni mwa kisanduku cha baridi, dawa ikae katikati ndani ya boksi lake, izungushiwe khanga iliyokunjwa, na kipimajoto kiwe kando yake. Nyumbani iweke rafu ya kati: mlangoni joto hupanda kila friji ikifunguliwa, na ikigusa ukuta wa nyuma huweza kuganda. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia.

Siku ya dripu, itolewe friji mapema ipungue baridi yenyewe, nusu saa hadi saa nzima, bila kuiweka kwenye maji ya moto. Isitikiswe, maana protini hutoa povu na kuharibika. Ishike dhidi ya mwanga wa dirisha: ikiwa na ukungu au chembe, irudishwe. Kama chupa ni ya kioo, seti (mrija wa dripu) iwe na tundu la hewa, la sivyo dripu itasimama na nesi ataanza kuhangaika na kanula (kijimrija kilichoingizwa mshipani) isiyo na kosa.

Sasa hesabu. Dozi ya kawaida ya mshipani ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 kwa 400 anahitaji gramu 8: mililita 80 za dawa ya asilimia 10, lakini 160 kama ni ya asilimia 5. Ya asilimia 10 huanza taratibu, mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani 10 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita hiyo ni matone 3 na kidogo kwa dakika, na hakuna mkono unaoweza kuyadhibiti vizuri. Ombeni seti ya matone 60 kwa mililita: hapo ni matone 10 kwa dakika, yanahesabika. Mtoto akiwa sawa, kila nusu saa ipandishwe, 20, kisha 40, kisha 60 kwa saa, bila kuvuka kikomo cha karatasi ya dawa. Itachukua kama saa mbili na robo. Anayeanza aende polepole zaidi.

Kasi ndiyo chanzo kikubwa cha kichwa kuuma, baridi ya kutetemeka na mgongo kuuma. Yakitokea, simamisheni dripu, kanula iacheni mahali pake, ngojeni yaishe, kisha mrudi kwenye kasi aliyoivumilia. Akihema kwa shida au presha ikishuka, hapo ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, tena papo hapo, kwa hiyo iwe tayari kabla dripu haijafunguliwa. Maji ya kunywa tangu jana yake hupunguza maumivu ya kichwa.

Damu ya kupima IgG (aina ya kingamwili iliyomo kwenye dawa hii) ichukuliwe kabla ya dripu ya siku hiyo. Ikiwa chini ya gramu 5 kwa lita, au mtoto huanza kukohoa kila wiki ya nne, dozi au muda kati ya dripu na dripu ujadiliwe upya. Na vipimo vya kuutambua ugonjwa vichukuliwe kabla ya dripu ya kwanza kabisa. Baada ya hapo maabara itasoma kingamwili za wachangiaji. Vivyo hivyo kipimo cha haraka cha VVU kinachotafuta kingamwili kinaweza kudanganya kwa mtoto asiyezitengeneza. Kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe ndicho cha kuaminika.

BCG (chanjo ya kifua kikuu), matone ya polio na chanjo nyingine zenye vimelea hai, asipewe bila daktari wake kuridhia.

Bandikeni lebo ya kichupa yenye namba ya toleo kwenye kadi kila dripu. Homa ikifika 38, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na kadi mkononi, hata kama dripu ilikuwa juzi: kinga ya kuazima haichukui nafasi ya antibayotiki.