Superman wa 1938 ndo Superman wangu

Watu wakianza kubishana Superman wa enzi ipi ndo mkali huwa wanapima nguvu, nani alibeba nini, nani alikimbia kuliko nani, na kwa kipimo hicho yule wa miaka ya 50 na 60 anawafunika wote, yani jamaa alikuwa anasukuma sayari kama hana akili nzuri na akitaka kurudi zamani anapaa kwa kasi tu basi kafika. Mi naangalia kitu kingine, naangalia anapambana na nani.

Chukua Action Comics namba 1, komiki aliyoanzia Superman, jalada la Juni 1938. Kaandika Jerry Siegel, kachora Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, kipindi ambacho Marekani bado ina hali ngumu ya uchumi na watu hawana kazi. Superman wao hapai kabisa, anaruka, tena umbali wameuandika, moja ya nane ya maili, kama mita 200 hivi. Risasi haimfanyi kitu ila kombora likimpasukia ni habari nyingine. Sasa huyu jamaa siku ya kwanza tu anamuokoa mwanamke asiye na hatia anayekaribia kuuawa kwa hukumu ya mahakama, anamshughulikia mwanaume anayempiga mke wake, afu anaenda Washington kufuatilia mtu anayecheza mchezo mchafu na seneta. Toleo linalofuata anamlazimisha mtengeneza silaha akapigane vitani yeye mwenyewe, aone raha yake.

Ila namba 3 ndo inanimaliza. Mchimbaji kafukiwa mgodini, katolewa mzima lakini kaumia kiasi kwamba hatafanya kazi tena, na Clark, yani Superman mwenyewe akiwa mwandishi wa habari wa kawaida, akienda kumuuliza mwenye mgodi, anaitwa Blakely, huyo bosi anasema uzembe ni wa mfanyakazi. Basi Superman anavaa kama mchimbaji, anatokea kwenye pati ya Blakely, wageni wamependeza hatari, na Blakely anaona itakuwa burudani safi pati ihamie chini mgodini. Wanashuka na nguo zao za shughuli wakicheka. Superman anaangusha njia nyuma yao. Blakely anakimbilia vifaa vya usalama ambavyo siku zote anasema vipo na vinafanya kazi, havifanyi kazi. Matajiri wanaanza kulia hewa inaisha, wanashika sururu wanachimba mpaka wanachoka, na Blakely anakuja kukiri mwenyewe kwamba hakuwahi kujua watu wake wanaishi vipi huko chini. Hakuna roboti wala mwanasayansi kichaa humo, ni mgodi tu na mtu bahili. Nimeisoma mara nyingi sana na kila nikifika pale kwenye vifaa vibovu nakasirika upya.

Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika taratibu. Kupaa kulishika zaidi kupitia zile katuni za sinema za Fleischer za 1941, kriptonaiti, lile jiwe la sayari aliyotoka linalomdhoofisha, ilizaliwa kwenye kipindi cha redio 1943 na komiki zikaichukua 1949, na kila mwaka jamaa anaongezewa nguvu mpaka maadui wa kawaida hawamtoshi tena. Ndo tunafika enzi ya mhariri Mort Weisinger na kalamu ya Curt Swan, mbwa Krypto, Supergirl, ngome ya barafuni, Bizarro, kila kitu. Simdharau huyu Superman hata kidogo. Ile hadithi ya 1958 ya mji wa Kandor, mji mzima wa Krypton, sayari aliyozaliwa, uliofanywa mdogo na adui Brainiac ukafungiwa kwenye chupa, Superman naye kafanywa mdogo yumo humo ndani, na nguvu ya mashine imebaki ya kukuza kitu kimoja tu, yeye anaamua mji ndo urudi halafu mwanasayansi wa Kandor anarusha roketi ibonyeze kitufe Superman ndo akue... jamani. Anaondoka na watu wake kwenye chupa mkononi na hawezi kuwasaidia. Huzuni ya namna hiyo Superman wa 1938 hakuwa nayo. Lakini angalia vizuri, yule mchimbaji hayupo tena. Shida zote zimekuwa za familia yake na sayari yake, mpangaji wa nyumba mbovu au mfanyakazi aliyeumia kazini hana nafasi kwenye kurasa hizo.

1971 mwandishi Denny O'Neil alijaribu kumshusha, kriptonaiti yote duniani ikageuka chuma, Clark akahamishiwa kwenye utangazaji wa TV, na nguvu zikapungua. Naipenda sana hii, basi tu haikudumu, waandishi waliofuata wakamrudishia nguvu zote kimyakimya. (Na miaka hiyohiyo Siegel na Shuster, waliouza haki za Superman kwa dola 130, walikuwa wazee wanahangaika, mpaka kelele zilipopigwa ndo mwishoni mwa 1975 wakakubaliwa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudi kwenye komiki. Inauma mno ukijua waliandika nini kuhusu mabosi.)

Halafu 1986, mwandishi na mchoraji John Byrne akamuanza Superman upya. Watu wanamsifu kwa kupunguza nguvu na kuwaacha hai wazazi waliomlea Kansas, sawa, ila kwangu jambo kubwa ni Luthor, adui mkubwa wa Superman, ambaye kwa wazo la mwandishi Marv Wolfman kaacha kuwa mwanasayansi mhalifu kawa tajiri wa Metropolis, mji anakoishi Superman. Kuna sehemu magaidi wanavamia meli yake na yeye alijua mapema, akaacha tu wageni wake wawe hatarini ili amuone Superman akifanya kazi, na meya aliyekuwepo palepale anampa Superman mamlaka ya kumkamata. Luthor haamini! Anashangaa kabisa kwamba sheria inamgusa na yeye. Huyo ni Blakely karudi, miaka 48 baadaye, na suti nzuri zaidi.

Ile hadithi ya 1992 ya kifo cha Superman naipita, iliuza sana lakini ilikuwa ngumi tupu.

Aliyenifurahisha tena ni yule wa 2011 wa mwandishi Grant Morrison, tisheti, jinzi na mabuti, anaruka badala ya kupaa, polisi wanamkimbiza, na kwenye toleo la kwanza kabisa kamning'iniza tajiri Glenmorgan ghorofani mpaka akiri maovu yake. Zile kurasa za mwanzo ni 1938 tupu, baadaye hadithi ikaenda mbali kwenye dimensheni zingine huko na mimi ikaniacha. Kama hujawahi kumsoma Superman anza na Action Comics za zamani, namba 1 mpaka 8, hiyo ya 8 anabomoa nyumba mbovu za mtaa wa maskini ili serikali ilazimike kujenga mpya, afu ruka moja kwa moja mpaka Byrne, ya katikati utayarudia ukishanogewa.