Kabla hujagusa pini: namna ninavyobadili mkanda wa saa ya thamani

Mikwaruzo mingi ninayoonyeshwa kwenye saa nzuri iko mahali pale pale: upande wa nyuma, kwenye yale masikio manne yanayoshika mkanda. Ni mstari mwembamba unaoanzia ukingoni na kuishia kwenye tundu la ile pini inayoshikilia mkanda. Mwenye saa huwa hakumbuki aliupata lini. Mimi nikiuangalia kwa lenzi najua ni siku mkanda ulipobadilishwa, na aliyebadilisha aliiburuza ncha ya pini juu ya chuma akilitafuta tundu.

Mimi si fundi saa. Kazi yangu ni kuchambua madini, hasa tanzanite, katika ofisi ndogo hapa Arusha mjini, karibu na Mnara wa Saa. Siku nzima nashika kibanio, lenzi ya kukuza mara 10 na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, ndiyo maana ndugu na marafiki walianza kuniletea saa zao, na nimetokea kuipenda sana kazi hii. Tanzanite ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha kupima jiwe gani linalikwaruza lipi. Kwa hiyo sisi tunaoishika hatuweki jiwe juu ya jiwe. Kila moja na karatasi yake. Ukikaa na madini muda mrefu unazoea kuuliza, hapa mezani nani anaweza kumkwaruza mwenzake? Saa ikifika nauliza hilo hilo.

Watu wengi huogopea kioo. Kioo cha safaya kinachowekwa kwenye saa za bei kina ugumu wa 9, na kinachokizidi ni almasi kwenye 10. Hicho kinaweza kupasuka ukikigonga, lakini bisibisi haikikwaruzi. Anayeumia ni bodi, yaani lile umbo la chuma linalobeba mashine ya saa. Chuma kisichoshika kutu cha 316L, ambacho saa nyingi za Uswisi zimetengenezwa nacho, hakifiki 6. Rolex wao walianza kutumia chuma cha aina nyingine, 904L, mwaka 1985, na sifa yake kubwa ni kustahimili kutu na chumvi; mkwaruzo kinaupata vilevile. Dhahabu ya karati 18 ni laini zaidi. Sasa chukua vumbi la barabara zetu za kiangazi, lile linaloingia hata kwenye gari lililofungwa vioo. Ndani yake mna punje za mchanga zinazofika 7. Punje moja ikibanwa kati ya kitambaa na bodi ya saa, halafu wewe ukaisugua saa ukidhani unaisafisha, umeshaipiga msasa.

Ndiyo sababu nasafisha kwanza, kabla sijagusa pini yoyote. Wengi hawataki kusikia habari hii kwa kuwa wanaona ni kupoteza muda.

Baba mdogo alikuja na Tudor yake, Black Bay 58, ile ya milimita 39 iliyotoka mwaka 2018. Aliishi nayo porini miaka yake ya mwisho ya kuendesha watalii, Ngorongoro na Serengeti, ikiwa na cheni yake ya chuma. Alikuwa anakwenda Rombo kupeleka mahari ya mwanawe, akaona mkanda wa ngozi utafaa zaidi mbele ya wazee.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Nifungulie hii cheni, nakusubiri hapa hapa.”

“Baba, haifunguliwi hivi. Niachie, uipitie jioni.”

“Si ni pini mbili tu?”

Nikampa lenzi aangalie mwenyewe pale cheni inapokutana na bodi. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Hili ni vumbi la Naabi,” lile lango la kuingilia Serengeti, akaniachia.

Saa kama ile, ya kuzamia na yenye mipira mizima ya kuzuia maji, naiosha. Nahakikisha kwanza kwamba kile kifungo cha pembeni cha kurekebishia majira kimekazwa hadi mwisho, kisha maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na mswaki laini wa mtoto ambao haujawahi kutumika kwa kitu kingine. Nasugua taratibu kwenye maungio, nasuuza, narudia mpaka maji yatoke meupe. Saa ya zamani ambayo haina uhakika wa kuzuia maji haiguswi na tone. Hiyo naipulizia kwa ile puto ya mpira wanayotumia wapiga picha kusafishia lenzi za kamera, halafu brashi laini ya poda, bila kukandamiza. Kitambaa cha kufutia miwani kinakuja mwisho kabisa, kikiwa kimefuliwa, na nafuta kwa kugusagusa.

Meza nayo inafutwa. Natandika kitambaa safi, nyeupe, ili punje ionekane, na chini yake taulo dogo lililokunjwa. Pete na bangili navua. Natumia mwanga wa dirishani asubuhi kwa sababu taa ya juu inafanya chuma king'ae mpaka unashindwa kuona ncha ya kifaa ilipo.

Kuhusu vifaa, najua kuna wanaofungua kwa kisu au pini ya nguo. Sitaki kumdharau fundi yeyote wa mtaani, wapo wenye mikono ya dhahabu, lakini kisu ni chuma kigumu kuliko bodi ya saa na kina makali ambayo hayana kazi pale. Kinachotakiwa ni kile kifaa chenye ncha ya uma mdogo upande mmoja na sindano butu upande wa pili. Wanaosifika kwa vifaa hivi ni Bergeon wa Le Locle, Uswisi, ambao wamekuwepo tangu mwaka 1791, na uma wao namba 6767 utauona kwenye meza za mafundi wengi duniani. Wa bei nafuu nao unafaa, ila uutazame kwa lenzi. Mara nyingi kwenye kingo zake pamebaki vichomozo vya kiwandani, vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyochora. Uma wangu wa kwanza ulikuwa hivyo, nikaupitisha kwenye jiwe laini la kunolea mpaka ukatulia. Kwa cheni napendelea kibanio chenye meno mawili, kinachominya ncha zote mbili za pini kwa wakati mmoja, kwa sababu hakiegemei popote kwenye saa.

Halafu tepu. Ile ya karatasi wanayotumia wapiga rangi wa magari inatosha, na haiachi gundi nyingi ukiibandua mapema. Nakata vipande vyembamba, nabandika nyuma ya kila sikio na kuingiza kingo zake kwa ndani, pale mkanda unapogusana na chuma, na kimoja juu upande wa mbele. Ni dakika chache. Lakini tepu isikupe kiburi: inazuia mteleza mdogo, haizuii nguvu iliyoelekezwa vibaya.

Pini yenyewe ni bomba jembamba lenye springi ndani na ncha mbili zinazoingia kwenye matundu ya masikio. Karibu na kila ncha kuna ukingo mdogo uliozunguka. Uma unaushika ukingo huo na kuusukuma kuelekea katikati ya mkanda, springi inajikunja, ncha inatoka tunduni. Kwa hiyo nguvu yako yote inakwenda kwenye mkanda. Ukijiona unapekenyua, unakandamiza kifaa juu ya sikio ili upate mwega, acha. Ondoa mkono, pumua, anza upya. Sijaona pini nzima inayohitaji kupekenyuliwa. Ikikataa basi imeshika kutu kwa jasho, na dawa yake ni tone dogo la mafuta ya kulegeza kutu kwenye ncha ya kijiti cha meno, unaligusisha kwenye tundu, unaiacha saa ilale.

Mkanda wa ngozi ni rahisi, kwa sababu ngozi inakubali kuminywa kidogo ili uma upate njia. Saa iwe kifudifudi, ushike mkanda kwa vidole vya mkono mmoja ukiuvuta kidogo kuelekea kwako, ili ncha ikitoka isirudi. Na kiganja kiwe juu yake, pini zinaruka mbali mno.

Cheni ndiyo inayoharibu saa. Kiungo chake cha mwisho kimekatwa kufuata mviringo wa bodi na kinakaa kwa kubana, kwa hiyo kona zake ziko karibu kabisa na chuma cha masikio. Watu wengi hufungua ncha moja, wakaona cheni imelegea, wakaizungusha ili itoke. Hapo kona inakwangua upande wa ndani wa sikio. Ya Baba mdogo niliifungua ncha moja, nikainua kiungo upande huo kidogo sana ili isirudi tunduni, nikafungua ya pili, kisha nikakitoa kiungo kwa kukisukuma moja kwa moja kuelekea nyuma ya saa, bila kuzungusha hata kidogo. Ndani ya masikio mlikuwa na tope lililokauka ambalo mswaki haukulifikia, nikaosha tena.

Saa ambazo matundu yake yamepenya hadi nje ya sikio, kama Rolex na Tudor nyingi za zamani, zinafunguliwa kwa ile sindano butu kutokea nje. Ni rahisi zaidi, ila sindano ikiteleza inaacha alama ubavuni mwa saa, panapoonekana na kila mtu. Bandika tepu, toboa tundu kwenye tepu, uingizie hapo.

Kabla ya kununua mkanda mpya pima nafasi kati ya masikio, usikisie kwa jina la saa. Black Bay 58 ni milimita 20, na Omega Speedmaster Professional ni 20. Submariner ya Rolex ilikuwa 20 miaka mingi, lakini hii ya milimita 41 iliyotoka mwaka 2020 inachukua 21. Mkanda wa 19 kwenye nafasi ya 20 unatembeatembea na kuingiza mchanga pembeni. Wa 21 ukilazimishwa unajikunja na kuminya pini. Unene wa pini nao hutofautiana. Saa nyingi ni kati ya milimita 1.5 na 1.8, wakati Seiko za kuzamia kama SKX007 zina pini nene za 2.5 ambazo haziingii kwenye kila mkanda. Pini za cheni huzichanganyi na za ngozi. Ziweke pamoja na cheni yake ndani ya kifuko.

Mkanda wa Baba mdogo ulishonwa na fundi ngozi wa Ngarenaro, ngozi ya ng'ombe ya kahawia, uzi mnene. Nilimpelekea kipimo kwa kalipa, akaukata sawasawa kabisa.

Kurudisha mkanda ndiko ule mstari nilioanza nao unakopatikana. Pini mpya (usirudishe ya zamani iliyochoka, ni kitu cha bei ndogo kinachoshikilia saa ya mamilioni) naipitisha kwenye mkanda, naingiza ncha ya kwanza tunduni, ikae kabisa. Ncha ya pili naiminya kwa uma mpaka iwe fupi kuliko nafasi, ndipo naishusha kati ya masikio. Haigusi chuma mpaka ifike usawa wa tundu. Ukiiachia mapema ikawa inateleza juu ya chuma, inachora. Ikiingia utasikia mlio mdogo. Usiuamini peke yake, vuta mkanda kwa nguvu ya kawaida pande zote mbili, ukiwa juu ya kitambaa, na uangalie kwa lenzi kwamba ncha zote nne zimezama.

Baba mdogo aliniuliza kama mkwaruzo ukitokea si unapigwa tu polishi. Nilimjibu kwa uchungu kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Polishi haizibi mkwaruzo, inapunguza chuma kilichouzunguka mpaka usawa wake ulingane. Ile kona kali ya sikio, mahali pang'aavu panapokutana na palipopigwa mistari, ikishalainika haina mwenye mkono wa kuirudisha kwa urahisi. Wakusanyaji wa saa za zamani hutazama kona hizo kwanza kabla ya kutaja bei.

Kwa madereva na waongozaji watalii wanaoniuliza mkanda gani haubabaishi, jibu langu ni ule wa nailoni unaopita chini ya saa. Asili yake ni jeshi la Uingereza, ulipewa viwango rasmi mwaka 1973. Ukishaweka pini, kubadili mkanda ni kuuchomoa na kuchomeka mwingine, uma haukaribii bodi tena, na pini moja ikikatika saa inabaki mkononi. Ila ufue kila wiki wakati wa kiangazi. Nailoni inashika mchanga na kuusugua kwenye mgongo wa saa kutwa nzima.

Zipo saa ninazokataa. Panerai nyingi hushikwa kwa skrubu badala ya pini za springi, na Royal Oak ya Audemars Piguet, tangu ilipotoka mwaka 1972, cheni yake imeungana na bodi. Skrubu inahitaji bisibisi yenye ncha inayojaza ule mfereji wake kwa upana na unene. Ikipungua kidogo inateleza na kuukata mfereji. Bisibisi za namna hiyo sina, kwa hiyo zikija nazirudisha zikiwa zimeoshwa, na mwenyewe anazipeleka kwa fundi aliye nazo.